Ukuta wa Murhula

Bénita alipoiona picha ya shimo la Rutshuru, aliitazama mara ya pili. Upande mmoja, tangu juu mpaka chini, ulipita mstari mweusi mnene. Ni ule ule aliouona mwezi uliopita kwenye picha ya shimo la Katindo.

Alikuwa ingénieur, mhandisi wa kampuni ndogo ya Goma inayochimba visima. Mchimbaji akishamaliza, yeye hushusha shimoni chombo chembamba kama mchi, kinachotuma sauti ukutani na kupima namna inavyorudi. Ukuta laini huirudisha sauti sawasawa. Uliochubuka huirudisha kwa unyonge, na pale picha huwa nyeusi.

Kuhusu Katindo alisema bila kusita kwamba ukuta umeharibika, utaangukia pampu. Shimo likajazwa saruji. Mchimbaji, Murhula, alibisha kwamba jiwe lilikuwa zima na kwamba mashine haikutetemeka hata kidogo. Patron mwenye kampuni, papa Zéphirin, alimsogezea picha mbele ya macho, kisha akamfukuza kazi mbele ya wote. Bénita alikuwa pale pale, anakunja kebo.

Sasa alikivuta chombo, akakilaza kwenye turubai. Kina miguu ya chuma ya kukishika katikati ya shimo, na mmoja ulikuwa umepinda. Basi kilikuwa kinaegemea upande mmoja, na sauti ya upande wa mbali ilififia kabla ya kurudi. Miguu hiyo hukaguliwa kila mara kabla ya kushusha. Siku ya Katindo mvua ilikuwa inakaribia, akashusha tu. Alibadilisha mguu, akapima tena. Ukuta wa Rutshuru ukatoka safi.

Njia nzima ya kurudi Goma dereva aliongea, Bénita hakusikia neno.

Asubuhi hakwenda ofisini. Alishuka Kituku, bandari ya ziwani, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba Murhula anapakua makaa kutoka kwenye mashua. Alimkuta na gunia mgongoni, uso mweusi kwa vumbi.

"Papa Murhula, nakuja kukuambia kitu. Ukuta yako ya Katindo haikuwa mubaya. Chombo njo ilikuwa imeinama. Ni miye sikuiangalia."

Murhula alilitua gunia polepole.

"Patron anajua?"

"Bado. Nilitaka wewe ujue wa kwanza."

"Juu ya nini miye wa kwanza?"

Njiani Bénita alikuwa ameandaa jibu kuhusu heshima. Murhula alimtangulia.

"Ulitaka nikuambie: 'Mama, acha tu, imepita,'" Murhula alisema, bila kupandisha sauti. "Bibi yangu, mama ya watoto, aliniuliza kama nilikuwa mulevi siku ile. Enda kwa patron."

Bénita akaenda. Papa Zéphirin alimsikiliza amesimama, kisha akagonga meza.

"Na Murhula umeshamuambia?"

"Ndiyo, papa."

"Si ungeniuliza kwanza!"

Hilo ndilo lililomkasirisha zaidi. Hata hivyo, hakuwa na la kufanya. Watu wa Katindo walikuwa bado wanangoja maji, na saruji isingetoka tena shimoni, hivyo ikabidi kuchimba jingine kando yake. Murhula aliitwa. Alikubali kurudi, ila hakuomba wala hakushukuru.

Siku ya kazi alimwamkia Bénita vizuri, kama anavyowaamkia wote. Bénita angependa zaidi atukanwe. Walipokaa kivulini kungoja mafuta ya mashine, alijikaza akamsogelea.

"Papa, naomba nifike kwenu. Nimuelezee bibi yako kwamba kosa ilikuwa yangu."

Murhula alitikisa kichwa.

"Hapana. Miye nilimuapia sikunywa, akakataa kuamini. Wewe utafika na masomo yako, atakuamini palepale." Akapangusa vumbi mikononi. "Hiyo njo itaniuma zaidi."

Mafuta yalifika. Akainuka kwenda kuwasha mashine, na Bénita akabaki amesimama pale, hajui aweke wapi mikono.