Mkono wa Marehemu Baba

Fumie aliporudi Morioka kutoka Hachinohe, alikokuwa akimuuguza mama yake, alikuta mumewe ameng'oa mkono wa gramafoni, ule unaoshika sindano. Ule mkono mzito wa chuma, uliofungwa na marehemu baba yake Fumie alipofungua mkahawa wao wa jazi, haukuwepo. Mahali pake palikuwa na kijiti cheupe, chembamba kama unyasi, na kwenye ncha kimebandikwa kichwa cha sindano kile kile cha mzee.

"Ule mchuma nimempa Ogata kinyozi," alisema Tadashi. "Siku hizi mikono ni myepesi. Majarida yote yanasema."

"Na yalisema uufungie kichwa hiki?"

"Kichwa ni kichwa tu, mama."

Fumie alimtazama jinsi mtu anavyotazama kitu alichokikanyaga njiani. Miaka yote hii analala ghorofani, juu ya spika zile, na bado hajui. Sindano ya kichwa kile ni ngumu, hainesi upesi. Inataka mkono mzito wa kuituliza. Ukiipa mkono mwepesi, besi ikigonga, mkono wenyewe unatetemeka nayo.

Wateja walipokuja, Tadashi akaweka santuri. Besi ikatoka kama mtu anayekohoa ndani ya blanketi, kisha sindano ikakwaruza. Mzee mmoja akaiacha kahawa yake nusu, akaenda zake. Tadashi alikuwa amefumba macho, anatikisa kichwa kwa raha. Kuharibu Fumie angemsamehe, lakini mwenyewe hata hakusikia kitu!

"Safi, eh?" Tadashi aliuliza.

Fumie akachukua bisibisi, akakifungua kichwa mbele ya wateja, akakifunga kwenye leso.

"Wewe! Watu wanakunywa!"

"Waache wanywe. Kahawa hujajifunza kuiharibu."

Akavuka barabara, akaingia kwa kinyozi. Ogata alikuwa ameinamia gramafoni yake, jasho linamtoka.

"Binti, afadhali umekuja. Mkono wenu umenishinda. Santuri ikiwa imepinda kidogo tu, unarukaruka kama panzi."

"Sindano yako laini, mzee. Mkono unaielemea. Hebu tukijaribu kichwa hiki."

Wakakifunga, wakasawazisha uzito nyuma ya mkono, wakateremsha sindano. Besi ikasimama imara, ukasikia hata kidole kikiachia uzi. Ogata akageukia kioo, akajifanya anatafuta wembe ili macho yake yasionekane. Fumie alikaa kwenye kiti cha kunyolea, na kwa mara ya kwanza tangu arudi, mabega yakamlegea.

Tadashi akatokea mlangoni, aproni kiunoni. "Sasa mimi niwapigie wateja nini?"

"Piga mluzi."

"Fumie, usinidhalilishe mbele za watu."

"Umeshamaliza mwenyewe, bwana. Nifungie mlango, baridi inaingia."

Akaufunga, polepole, kama mtumishi.

Fumie alingoja upande wa pili wa santuri uishe, ndipo akamuuliza Ogata kama ana mahali pa kuchemshia maji ya kahawa. Tangu hapo, kila Jumatatu, siku vinyozi wanapofunga, wateja wa zamani wa mkahawa hukaa kwa Ogata kwenye benchi la kungojea zamu, vikombe mkononi, wakisikiliza besi.