Hotuba ya Fundi Viti

Mpwa wangu aliyesomea biashara aliniandikia hotuba ya kumshawishi meneja wa hoteli anipe kazi ya viti arobaini. "Mjomba, usitoke nje ya karatasi," alinionya.

Nikaanza kusoma: "Sisi ni watoa masuluhisho bunifu ya ukaaji." Meneja akapiga miayo, akaendelea kuandika mambo yake, na meza yake ikawa inayumba. Uvumilivu ukanishinda.

"Samahani, bosi, nani alikutengenezea takataka hii?"

Nikapiga magoti, nikamwonyesha mguu mfupi na misumari iliyopigwa ovyoovyo. Naye akainama, akaniuliza maswali chungu nzima. Tulipoinuka, kazi ilikuwa yangu.

Nyumbani mpwa akauliza kama hotuba ilisaidia.

"Sana. Nimeikunja mara nne, nikaiweka chini ya ule mguu. Meza imetulia."