Bustani ya Wageni

Ukitaka kumwona shemeji yangu akifanya kazi, mwambie kuna wageni wanakuja. Siku nyingine zote yeye ni mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima, na kwa jinsi anavyoelewa yeye, kazi ya mwenyekiti ni kukaa kwenye kiti. Ni kaka mkubwa wa mume wangu. Sote tunamwita Mwenyekiti, hata mama yake aliyemzaa. Mke wake sijui anamwitaje wakiwa peke yao, ila sitashangaa.

Mwaka huu mvua ilitudanganya. Ilikuja mapema, ikapiga kwa nguvu siku chache, nasi tukatoka mbio na majembe tukafukia kila punje tuliyokuwa nayo. Mahindi yakaota, maharage yakatoa majani mawili mawili, kisha mvua ikafungasha virago. Jua likawaka mpaka ardhi ikapasuka. Shambani kwangu mahindi yalijikunja, yakawa ya njano, halafu ya kijivu, na mwisho ukiyagusa yanavunjikia mkononi. Mvua ya pili, ile ya kawaida, ilikuwa bado iko njiani, lakini hatukuwa na mbegu ya kuipokelea.

Ndipo tukaletewa habari kwamba bibi shamba atapita kukagua mashamba yaliyoungua, ili wenye hali mbaya wapewe mbegu mapema. Habari yenyewe haikuwa na fumbo. Waje waone tulivyokauka, watuletee mbegu, basi. Mwenyekiti katika maneno yote hayo aliokota moja tu, nalo ni "atapita".

Kesho yake akaitisha kikundi. Nyasi za njiani zifyekwe. Mawe ya kuingilia kwake yapakwe chokaa. Na bustani ya kikundi, ile iliyo kando ya barabara, yenye mistari kadhaa ya mahindi na mboga, inyweshwe maji asubuhi na jioni mpaka wageni wafike. Maji yenyewe yako chini bondeni, kwenye kisima tunachopangia foleni kwa ajili ya kupikia na kuoga, na wa kuyapandisha kilimani ni sisi wanawake. Yeye kazi yake ingekuwa kusimamia.

"Shemeji," nikamwambia mbele ya watu, "hawa wanakuja kuangalia ukame. Sasa wewe unauficha wa nini?"

"Nani kaficha? Nataka wakute mahali pasafi."

"Pasafi sawa. Lakini mahindi unayanywesha ya nini? Yaache wayaone yalivyo."

"Ili wakaseme watu wa huku wavivu? Mgeni anashuka kwenye gari, cha kwanza anakutana na makavu! Mimi mwenyekiti nitasimama wapi?"

"Si utasimama kwenye makavu, kama sisi wote."

Wanawake wakaangua kicheko, na yeye akacheka kuliko wote. Hapo ndipo balaa langu lilipo. Mtu akigombana na shemeji yake, watu wanaona ni utani. Ningeweza kumwambia anatuua, na bado wangeshika mbavu.

Nilimgeukia mume wangu nikidhani atasema neno. Alikuwa anachunguza mpini wa jembe lake, kana kwamba ameletewa leo. Mume wangu si mtu mbaya. Analima, hanywi, hanipigi kelele, lakini mbele ya kaka yake ulimi wake unakwenda likizo. Mama mkwe ndiye aliyemjibia, akasema Mwenyekiti anajua anachofanya, kasafiri, kaona watu. Kasafiri kwenda semina mara moja, akarudi na kofia na homa ya matumbo.

Basi tukabeba maji. Nami nilibeba, maana usipobeba unaambiwa unarudisha wenzako nyuma. Nilipita na ndoo kichwani katikati ya shamba langu lililokufa, nikaenda kuyamwaga kwenye mahindi ya maonyesho. Nilikuwa na hasira hadi nikasahau uzito wa ndoo. Na mahindi yale hayakuwa na haya, yakanawiri, yakatandaza majani mapana barabarani ili kila mpita njia ajionee.

Bibi shamba alifika na dereva na kijana wa kupiga picha. Alikuwa mwanamke wa makamo, amevaa buti za mpira, uso umechoka, na alionekana mtu wa kazi. Simlaumu hata kidogo. Alishuka, akatazama bustani, akatazama mawe meupe, akatutazama na sisi tuliojipanga na nguo za kutokea.

"Huku mvua haikukatika?" akauliza.

Lilikuwa swali zuri. Lilihitaji jibu la neno moja.

"Ilikatika, mheshimiwa," Mwenyekiti akasema, ametunisha kifua ndani ya koti lake la sherehe, "lakini sisi si watu wa kukaa tukalia. Tulijipanga. Hapa unapotuona, hatujui njaa."

"Hongereni. Na mashamba ya ndani yakoje?"

"Ndiyo haya haya. Njia ya kule mbaya, mtajichosha bure."

Nikatoka kwenye mstari.

"Kwangu yamekauka yote," nikasema. "Si mbali. Twende ukaone."

"Huyo shemeji yangu!" Mwenyekiti akapaza sauti, akapiga paja. "Haachi kunitania hata mbele ya wageni!"

Watu wakacheka. Kijana wa picha naye akacheka, akanipiga picha nikiwa nimeachama. Mama mkwe akanivuta kitenge kwa nyuma.

"Sitanii," nikasema.

Bibi shamba hakucheka. Alinitazama, kisha akauliza mume wangu ni yupi, wakamwonyesha. Akamsogelea, akamuuliza kwa upole kabisa, "Baba, mkeo anasema kweli?"

Nilimwomba Mungu ampe mume wangu ujasiri wa dakika moja tu, maisha yaliyobaki angenyamaza na nisingemdai neno. Aliangalia miguu yake. Aliangalia koti la kaka yake.

"Tunaendelea vizuri," akasema.

Bibi shamba akaitikia kwa kichwa taratibu. Akatueleza kwamba mbegu zilizopo ni chache, hazitutoshi wote, na amefurahi kukuta watu wanaojiweza. Hivyo atazipeleka ng'ambo ya mto, kwa wenzetu walioungua, na sisi atarudi kutukagua siku nyingine. Na kundi zima la wakulima, watu wazima na akili zao, likapiga makofi. Walipiga kwa sababu sauti yake ilikuwa ya pongezi. Maneno yenyewe yaliwaingia baadaye, gari lilipokwisha kupinda kona, na hapo mmoja mmoja akaanza kumuuliza jirani yake, "Kwani kasema mbegu zinakwenda wapi?"

Mwenyekiti aliwajibu kwamba sifa ni mtaji. Kesho yake hakuna aliyepandisha ndoo, na mahindi ya maonyesho yakafa kabla wiki haijaisha.

Mvua ya pili ilikuja kweli, na ilikuja vizuri. Haikuharakisha, haikubomoa. Ilinyesha asubuhi, ikaacha jua kidogo, ikarudi jioni, na udongo ukalainika hata ukitia kidole kinazama. Ni mvua ambayo mkulima huiota. Nasi tulikaa vibarazani tumekunja mikono, tukiiangalia inavyopotea. Majirani niliowaomba mbegu walikuwa kama mimi tu, ghala linapiga mwangwi. Nikasema hapa nikikaa, hadi mvua itakapokatika nitakuwa bado nimekaa. Nikajifunga kitenge, nikaenda kwa dada yangu aliyeolewa upande wa pili wa kilima.

Dada yangu alinipokea kwa kicheko.

"Karibu, mjasiriamali. Si ninyi mliopigwa picha? Tumesikia mna mahindi hadi barabarani."

"Dada, niache. Nimekuja kuomba mbegu."

"Mbegu? Ninyi mnaojiweza?"

Nilivumilia. Alinisimanga alipokuwa akimenya, akanisimanga alipokuwa akiosha vyombo, na ilinibidi nicheke anapocheka, maana nilikuwa na shida. Mwishowe akaingia ndani akatoka na bakuli la mahindi ya mbegu, punje nzito, kavu. Akanifunikia kwa kitambaa, akanisindikiza hadi njiani, na hapo hakucheka tena. "Usimpe mtu," akasema. "Mimi mwenyewe nimejinyima."

Nilifika nyumbani nimelowa chapachapa lakini mahindi ni makavu. Nikaliweka bakuli jikoni, nikachukua jembe, nikaenda kuchimba mashimo nyuma ya nyumba, kwenye kipande kilichokuwa tayari. Nilichimba kwa furaha, sioni haya kusema. Niliporudi kuchukua mbegu, bakuli halipo.

Mume wangu alikuwa kakaa kwenye kigoda.

"Bakuli liko wapi?"

"Kaka alipita."

"Alipita akafanya nini?"

"Aliomba." Akakuna goti. "Ni kaka yangu, mama watoto. Ningemwambiaje?"

Ningefungua mdomo ningesema maneno ambayo watu hawarudi nayo nyumba moja. Nikatoka na jembe langu hivyo hivyo, matope magotini, kwenda kwa Mwenyekiti kudai angalau nusu. Sikulazimika kufika kwake. Nilimkuta barabarani, kwenye bustani ya kikundi. Alikuwa amefunga kamba kutoka mti hadi mti ili mistari inyooke, koti kalitundika kwenye uzio, bakuli la dada yangu kalikumbatia, na tayari alikuwa ametia punje kwenye mashimo ya mwanzo.

"Shemeji," nikasema, "hata shambani kwako huendi? Unapanda huku?"

"Hawa watu wa mbegu watarudi kukagua. Walituahidi." Aliifuta kamba matope kwa vidole. "Wakute tuko vilevile."

Nilimwangalia usoni nikitafuta aibu, hata ya kubahatisha. Haikuwepo. Alikuwa anaamini. Nikaingia bustanini, nikalishika bakuli, nikalivuta. Naye akalivuta. Wakati huo huo watu waliokuwa wakitoka sokoni wakatokea kwenye kona, kundi zima, na mwalimu mkuu katikati yao. Mwenyekiti akawaona. Nilihisi vidole vyake vikilegea kwenye bakuli, kimoja kimoja, huku meno yakijitokeza yote.

"Habari za huko!" akawapungia mkono. "Huyu shemeji yangu, haachi utani!"

"Sitanii," nikasema, na wakacheka, wakapita.

Sikumwachia hata zile alizokwisha kutia. Nilipiga magoti palepale, nikazifukua kwenye mistari yake iliyonyooka, nikazifuta matope kwa kitenge na kuzirudisha. Yeye alibaki kasimama anawaaga watu waliokwisha kwenda.

Nilipofika nyuma ya nyumba mume wangu alikuwa ameshika jembe, ananiongezea mashimo. Sikumwambia asante, kwa sababu sijamsamehe. Nilitia punje, nikafukia kwa mguu, nikahamia shimo jingine. Zilitosha kile kipande tu, kati ya choo na banda la kuku, ambapo hakuna mgeni aliyewahi kufika.