Mlango wa Kobe

Prosesa ya Mama Pacha, ubongo wa kompyuta mpya, ilikuwa bado haijazaliwa. Iliishi ndani ya kiigizi, programu inayojifanya kompyuta ambayo kiwanda hakijaitengeneza, na mchana huo mkuu wa maabara angekuja kuamua: sehemu ya kumbukumbu aliyoibuni Mama Pacha iingie kwenye prosesa, au itupwe pamoja na jasho lake lote.

Nayo ikagoma. Kila programu ya majaribio ilipoanza kupanga namba, kila kitu kiliganda. Asubuhi nzima Mama Pacha alikibana kiigizi kwa dibaga, chombo cha kuisimamisha programu katikati ya safari na kuipekua mifuko. Simama hapa, fungua pale, songa. Kiigizi kilikuwa buheri wa afya, na kijasho chembamba kikaanza kumtoka yeye.

"Shemeji," Kobe aliita kutoka meza ya jirani, "unampima mwenye nyumba. Mgonjwa ni mpangaji, hiyo programu inayokaa humo ndani."

Kobe alikuwa mdogo wa mumewe, na jina hilo alibandikwa kwa sababu hana haraka na jambo. Mwaka uliopita alikitengenezea kiigizi mlango, ili dibaga ya pili ipite ikaongee na programu iliyomo ndani. Ofisi nzima ilivunjika mbavu kwamba mlango huo hauna wa kuupita, Mama Pacha akiwa mbele. Wiki hii hii yeye huyo alikuwa ameomba mlango wenyewe ufungwe, eti unakifanya kiigizi kizito. Ombi hilo nalo lingeamuliwa mchana huo, na Kobe alijua. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Mama wa pacha alipaswa kulijua hilo kuliko wote.

"Nionyeshe, shem," alisema kwa sauti ndogo.

Kobe akavuta kiti. Kiigizi kikawashwa, kikasubiri, dibaga ya pili ikaingia. Sasa walimwona mpangaji mwenyewe: anahifadhi namba saba, anaiomba papo hapo, anapewa tatu ya zamani. Saba ilikuwa bado njiani kwenda kwenye kumbukumbu, na sehemu ya Mama Pacha haikujisumbua kutazama njiani kwanza. Basi programu ikawa inazunguka palepale, ikiingoja saba yake.

"Kumbe kosa ni langu."

"Lako, na linarekebishika. Haya, andika."

Akaandika. Mkuu alipofika, namba zilijipanga kuanzia ndogo hadi kubwa bila kugoma.

"Inaingia," mkuu alisema. Kisha akakumbuka. "Na ule mlango uliotaka ufungwe?"

Kobe alijifanya anafuta miwani.

"Nafuta ombi langu, mkuu. Bila huo mlango saa hizi ningekuwa nalia. Ameutengeneza shemeji yangu, na mimi ndiye niliyemcheka kuliko wote. Asante, shem. Asante sana."

Kobe alivaa miwani yake taratibu. "Chai," alisema. "Na sukari usinipimie."

Mama Pacha, ambaye hajawahi kumchemshia mtu chai hapo ofisini, alikuwa ameshashika birika.