Aliyemkaba Masalu

Boaz alipompiga shangazi yake panga la kwanza, kaka yake Masalu alikuwa amelala ndani, mchana kweupe, anakoroma hadi unamsikia barabarani. Mageni alikuwa amekaa uani anapepeta mtama. Aliinua mikono kukinga kichwa, panga likapita na vidole. La pili lilizama begani.

"Mwachie kaka yangu!" Boaz alipiga kelele. "Mwachie apumue!"

Mageni hakuelewa anaambiwa nini. Watoto hawa aliwalea yeye tangu mama yao alipofariki, na huyu Boaz alimbeba mgongoni mpaka akaota meno.

"Mwanangu, nimekukosea nini?" aliuliza, damu ikichuruzika kwenye ungo.

Mayowe ya Limi, mke wa Masalu, ndiyo yaliyomwamsha mumewe. Masalu alitoka mbio, pande la mtu lenye shingo nene kama ya fahali, akamkuta mdogo wake ameinua panga tena. Alimvaa kwa uzito wake wote. Wakaanguka juu ya mtama. Masalu alimpiga ngumi ya uso, akampiga nyingine, mpaka akasikia mfupa wa pua unavunjika chini ya ngumi yake.

"Nilikuwa nakuokoa," Boaz alisema huku anatema damu. "Anakuua usingizini. Nimesikia kwa masikio yangu."

Kweli alikuwa amesikia kitu. Masalu alifanya kazi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, upande wa Kharumwa, na tangu anenepe usingizi wake ulikuwa wa mateso. Alikoroma, kisha akanyamaza ghafla. Kifua kilihangaika lakini pumzi haikupita. Limi alimtikisa akilia, naye akashtuka akitweta kama mtu aliyetolewa majini. Asubuhi kichwa kilimgonga. Mchana alisinzia hata karasha likinguruma mbele yake, na mara moja alilala akiendesha pikipiki, akaingia nayo kwenye kundi la mbuzi.

"Kuna mtu ananikaba," alimwambia Limi mbele ya Boaz. "Nasikia kabisa koo linabanwa."

Neno hilo Boaz alilibeba mpaka kwa mganga mmoja, mbele ya Ushirombo. Mganga alimuuliza kama nyumbani kuna mwanamke mzee mwenye macho mekundu. Macho ya Mageni yalikuwa mekundu kwa moshi wa samadi aliyopikia miaka yote, na kijiji kizima kilijua hivyo. Lakini mganga alisema, "Huyo akifa, kaka yako atapumua," na Boaz akarudi nyumbani akanoa panga.

Sasa habari kwamba Mageni ni mchawi ilikuwa imeshaenea kijijini. Vijana walikuja na marungu, mmoja ameshika dumu la petroli.

"Kama ni mchawi amalizwe!" walipiga kelele. "Mtoe nje!"

Limi alikuwa amemwingiza Mageni ndani na kumfunga mikono kwa kanga. Masalu alisimama mlangoni na sururu. Wa kwanza kusogea alipigwa mpini wa goti, akaanguka akilia. Jiwe lilimpasua Masalu paji la uso, jingine likampata mdomoni. Petroli ilimwagwa juu ya nyasi za jiko, moto ukalipuka, ukarukia nyumba. Waliokolewa na Fredy, dereva wa lori la mawe, aliyeona moshi akakata kona, akaingiza gari uani huku anapiga honi. Mtu aliyekataa kupisha aligongwa na bampa, akatupwa pembeni. Masalu alimtoa shangazi yake ndani, akampandisha juu ya mawe, Limi akamkumbatia, na lori likaondoka likipigwa marungu ubavuni.

Polisi walipofika walimkuta Boaz amekaa palepale kwenye mtama. Hakukimbia.

Hospitalini, mjini Geita, Mageni aliingizwa chumba cha upasuaji. Masalu alikaa kwenye benchi la korido, shati limeganda damu, akasema hatafumba jicho. Haikupita dakika akalala ameketi. Mkoromo ulijaa korido nzima, halafu kimya. Watu wakageuka. Mdomo ulikuwa wazi, tumbo linapanda na kushuka, hewa haiingii. Kisha akaruka, akishika shingo yake.

"Mmeona?" mwanamume mmoja aliyekuja kuuguza, ambaye kisa chao kilikuwa kimeshamfikia, alisimama. "Anamkaba hata humu ndani! Yule bibi atolewe!"

Wawili wengine walimfuata. Walikuwa wameshafika kwenye mlango wa upasuaji, mmoja anaupiga teke, Dokta Rhoda alipotokea akiwa na damu ya Mageni kwenye glavu.

"Yule mama amelazwa kwa dawa ya usingizi," alisema. "Mkono mmoja umebaki na kidole gumba tu, mwingine uko mikononi mwa mwenzangu anaushona. Nielezeni, anamkaba kwa mkono gani?"

Aliyekuwa anaupiga mlango teke akashusha mguu. Walinzi wakawatoa.

Rhoda alivua glavu, akaenda kwa Masalu, akakaa karibu naye. Alimpima shingo kwa utepe, akampima presha, ikawa juu sana. Alimuuliza Limi maswali, na kila swali Limi aliitikia kwa kichwa, mwishoni akaanza kulia.

"Baba, hakuna mtu anayekukaba," Rhoda alisema. "Ukilala, nyama za koo lako zinalegea, ulimi unarudi nyuma, njia ya hewa inaziba. Ubongo unakuamsha kabla hujafa. Unalala tena, inaziba tena. Ni ugonjwa. Unapimwa, na unatibika."

Masalu alimgeukia. "Unatibika?"

"Ndiyo."

Aliinuka, akapiga ukuta kwa paji lake lililopasuka mpaka Limi akamshika kiunoni.

Walimpima Mwanza. Walimlaza na kifaa kidoleni, mkanda kifuani na mpira puani, na ilipokucha daktari akamwambia kwamba pumzi ilikuwa inakatika zaidi ya mara arobaini kila saa. Alipewa mashine ndogo yenye barakoa, inayosukuma hewa ili koo lisizibe. Aliambiwa apunguze mwili, aache gongo, alale ubavu. Barakoa ilimchubua pua, na mwanzoni aliivua kwa hasira akaitupa ukutani. Limi aliiokota, akamvisha tena. Asubuhi aliyoamka bila maumivu ya kichwa, akili imetulia, alikumbuka kila kitu waziwazi, pamoja na sauti ya pua ikivunjika.

Alienda mahabusu. Boaz alikuja kwenye nondo, pua imepinda.

"Nimepona," Masalu alisema. "Ni ugonjwa wa koo tu, mdogo wangu. Hapakuwa na mtu."

Boaz alisogea hadi paji lake likagusa nondo. Kisha mikono yake ilipita kati ya nondo, ikamkamata kaka yake shingoni na kubana.

"Sema alikuwepo!" alifoka huku machozi yanamtoka. "Sema kulikuwa na mtu! Sema!"

Masalu hakujitoa. Askari ndio waliompiga Boaz virungu vya viwiko mpaka akaachia. Walimburuta ndani huku bado anapiga kelele.

Mahakamani Mageni alisimama na mkono uliobaki na kidole gumba. Hakimu alimuuliza kama anamfahamu mshtakiwa.

"Ni mwanangu," alisema. "Na ndiye aliyenikata. Yote mawili yaandikwe."

Boaz alifungwa. Mganga alitafutwa, hakupatikana. Siku ya hukumu Mageni alikataa kupanda gari hadi karandinga la magereza lipite. Lilipopita, Boaz alikuwa ameinamisha kichwa, hakumwona. Mageni aliinua mkono wake wenye kidole gumba kumuaga, akaushikilia juu mpaka vumbi likatulia barabarani.