Mapumziko ya Murga

Asije mtu akaniambia sikumpenda Murga. Akithubutu, namtoa na ufagio. Farasi jike yule alikuja kwetu ana miaka mitatu, akamvutia mume wangu Gavrila magogo kutoka msituni miaka ishirini na moja, na sijasikia kwamba aligoma hata siku moja.

Majira ya baridi mawili yaliyopita, gogo likateleza likamvunja Gavrila nyonga. Hospitali wakaiunga, wakamrudisha na magongo mawili, eti atembee kidogo kila siku. Atembee! Mzee wa miaka sabini na minane, akifika mlangoni machozi yanamlengalenga. Nikamwambia, "Umetembea vya kutosha wewe. Lala, kila kitu nitakuletea hapo hapo." Kisha nikaenda bandani nikamvua Murga hatamu. Na yeye pia alikuwa amefanya kazi ya kutosha.

Tangu hapo Gavrila akawa na swali moja kila asubuhi, hata kabla ya salamu.

"Murga amesimama?"

"Amesimama, baba, anakusalimu."

Hapo ndipo anapokula ugali wake na maziwa ya mgando. Nilijua kwa nini anauliza. Farasi mzee akilala akashindwa kuinuka, ndiyo basi tena. Na nilijua Murga akienda, Gavrila naye hatakawia. Kwa hiyo nilimtunza yule farasi kama mboni ya jicho.

Theluji ilipoyeyuka mwaka huu, jirani yetu Toader akaja kumwazima avute kigari cha nyasi.

"Mzigo mdogo tu, shemeji. Anyooshe viungo."

"Kanyooshe vyako! Mvivu mkubwa we, jifunge mwenyewe uvute."

Akacheka, lakini macho yake yalibaki kwa Murga. "Huo mgongo umeanza kuwa paa la nyumba."

"Na hilo tumbo lako limekuwa nini? Toka hapa!"

Kukonda kweli alikonda. Uti wa mgongo ulitokeza na mapaja yakabonyea, ingawa tumbo lilijaa. Nikamwongezea nyasi. Kwetu nyasi za mkato wa kwanza, zile ngumu, ni za farasi. Za mkato wa pili, laini na za kijani, ni za ng'ombe, kwa sababu ng'ombe ndiye mwenye maziwa. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake pia. Basi najaza hori mpaka pomoni, naenda zangu nimeridhika.

Jumanne iliyopita asubuhi nikamkuta yuko chini. Anatupa miguu ya mbele, ya nyuma haimwitikii. Toader akaja na wanawe wawili, wakampitisha mikanda tumboni, wakamwinua. Miguu ikatetemeka, akaporomoka. Mara ya pili vivyo hivyo. Ya tatu hata yeye mwenyewe hakujaribu.

Daktari wa mifugo, binti mmoja anaitwa Livia, akapiga magoti akampapasa paja.

"Bibi, hapa hakuna nyama tena."

"Lakini anakula! Hori analimaliza kila siku!"

"Anakula vijiti, bibi. Mwili wa farasi mzee haujengi nyama kama wa kijana. Unataka protini nyingi zaidi, tena nzuri. Nyasi za mkato wa pili unampa?"

"Hizo ni za ng'ombe."

Akalipapasa paja tena. "Na kutembea? Anatembea?"

"Miaka miwili hajaguswa," nikasema, tena kwa majivuno, Mungu anisamehe. "Nimempumzisha."

"Ungemtembeza kidogo kidogo, bibi. Msuli wa mzee usipofanya kazi unayeyuka, na kuurudisha ni shida."

Toader akainama kutazama buti zake. Nilitamani anitukane. Nikakishika kichwa cha Murga mapajani mwangu mpaka sindano ya daktari ya kumlaza moja kwa moja ilipomaliza kazi yake, na nililia kwa sauti, sikuona haya.

Ndani, Gavrila alikuwa ameshasikia zile kelele.

"Murga amesimama?"

"Hapana, baba. Ameshakwenda."

Hakulia. Alitupa blanketi pembeni. "Nipeleke nikamwone kabla hawajamwondoa."

"Nje kuna baridi, baba."

"Palaghia! Nipeleke."

Nikamketisha, nikamvalisha buti. Nikamshika paja ili nimsaidie, na mkono wangu ukalizunguka lote. Akaegemea magongo, akasukuma. Miguu ikatetemeka, nami mtetemeko ule nilikuwa nimetoka kuuona bandani. Akaanguka kitandani. Akajaribu tena, akaanguka tena.

"Nyonga inauma?" nikamuuliza. Nilikuwa naomba aseme ndiyo.

"Wala," akasema, anaitazama miguu yake kwa mshangao. "Haiumi hata kidogo. Sasa mbona haininyanyui?"

Huko nje trekta la Toader likaunguruma, likaanza kumkokota Murga kumtoa uani. Gavrila akasikiliza mpaka likapita lango, kisha akajilaza taratibu.

"Wacha nipumzike kidogo," akasema, "halafu nitasimama."

"Usilale!" Nilimvuta mkono kwa nguvu. "Gavrila, nakuomba, usilale!"

Akanitazama kama hanijui. Miaka miwili mizima hajawahi kunisikia nikisema hivyo.