Barua Isiyo na Salamu

Abasi, tarishi wa boma la Morogoro, alirudi kutoka Mkuyuni Jumanne mchana, peke yake. Alikaa kwenye ngazi, akavua kofia, akajipepea.

"Mjomba wako haonekani," alimwambia karani Mikidadi. "Wanasema mgonjwa. Ukiuliza anaumwa wapi, huyu anasema tumbo, yule anasema mguu. Na mama yako alinipa maji bila kunikaribisha kukaa."

Barua ya kumwita mjomba aliiandika Mikidadi mwenyewe. Aliikumbuka yote, maana haikuwa na maneno mengi: Jumbe Kibwana wa Mkuyuni. Uje bomani Jumatatu asubuhi. Uje peke yako. Mimi karani Mikidadi.

Aliionea fahari barua ile. Makarani wenzake walijaza nusu ya karatasi kwa salamu na dua, wakaulizia watoto, mvua na mashamba, na Bwana Shauri, Mjerumani aliyesimamia wilaya, alipiga mstari mwekundu juu ya hayo yote mpaka afikie neno lenyewe. Barua za Mikidadi hazikuguswa na wino mwekundu. Ndizo zilizomtoa meza ya mlangoni zikamweka meza ya dirishani.

Jioni Bwana Shauri alimwita. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma, na pale bomani jumbe aliyejificha hakuhesabiwa kuwa mgonjwa.

"Ijumaa asubuhi awe hapa," alisema bila kuinua macho. "Asipokuja, askari watapanda kumchukua."

Mikidadi alikwishaona kijiji ambamo askari walimtafuta mtu. Aliwaona wanawake wakichambua mahindi kwenye majivu. Akaomba ruhusa apeleke barua ya pili kwa mkono wake.

Aliondoka Jumatano alfajiri, akafika Mkuyuni jua limeinama. Watu waliokuwa wakimwita kwa jina tangu mtoto waliinamia kazi zao alipopita. Mama yake, Bi Pili, alikuwa mlangoni akipepeta mtama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ungo haukusimama. "Umekuja kukipima kiti?"

Hakuhitaji kuelezwa kiti gani. Kwa Waluguru mtu hamrithi baba yake, humrithi mjomba wake. Kibwana akiondoka, kwa kifo au kwa minyororo, kiti cha jumbe kingemwangukia Mikidadi, mpwa wake mkubwa.

"Mama, mjomba anaitwa kwa ajili ya barabara ya Matombo. Hakuna jingine."

"Barua haikusema barabara."

"Bomani hawapendi maneno mengi."

"Boma ndilo lililokuzaa? Hata anayekuja kuvunja ndoa huanza na salamu. Wewe umemwandikia kaka yangu kama unaita mbwa. Tena aje peke yake. Peke yake kwa nini? Asipatikane shahidi?"

Mikidadi aliandika vile kwa sababu majumbe walikuwa wakija na watu wao wote, na bomani hapakuwa na pa kuwalaza. Jambo hilo lilikuwa wazi kabisa kichwani mwake. Kwenye karatasi halikuwapo.

Mwalimu Ahmadi, aliyefundisha Kurani pale kijijini, alikuwa barazani akisikiliza. "Halafu umeandika kwa herufi za Kizungu," alisema. "Mimi nasoma za Kiarabu. Alitusomea mchuuzi wa chumvi aliyekuwa anapita njia. Hatumjui. Tutajuaje kama hakuruka neno, au hakuongeza lake?"

"Basi hii nitaiandika kwa herufi zako, mwalimu. Uisome wewe mbele ya mama, mimi niwe nje."

"Uwe mbali," alisema Bi Pili. "Kule mtoni."

Akakaa mkekani kuandika. Alianza na salamu, akamuuliza mjomba habari za afya yake, kisha akaandika kwamba anaitwa kuonyeshwa mahali barabara ya Matombo itakapopita, na kila jumbe atengeneze kipande gani. Kila alipoinua kalamu, mama yake alimrudisha.

"Atalala wapi?"

"Kwangu."

"Andika. Chakula?"

"Mke wangu Hidaya atampikia."

"Andika. Asile cha boma. Asipokwenda je?"

Hilo Mikidadi alikuwa amekusudia kuliacha, asimtishe mzee. Akajibu polepole: "Askari watakuja Ijumaa."

"Andika. Na wakimzuia huko?"

Kalamu ilisimama. "Hilo siwezi kuliandika, mama. Bwana Shauri sijui moyo wake. Siwezi kumwahidi mjomba kitu ambacho si changu."

Bi Pili aliweka ungo chini, akamtazama kwa mara ya kwanza tangu alipofika. "Andika hivyo hivyo," alisema. "Kwamba huwezi."

Akiwa mtoni, Mikidadi alimwona mwalimu akisoma, kisha akisoma tena. Mara mama yake akajifunga upande wa kanga kiunoni, wakapanda mlimani na barua, yeye na mwalimu, wala hawakumwambia wanakokwenda.

Alhamisi asubuhi Jumbe Kibwana alishuka, fimbo mkononi, umande magotini. Aliitikia shikamoo ya mpwa wake, akaonyesha njia kwa fimbo.

"Tangulia wewe. Nataka nikuone."

Wakaenda hivyo mpaka Morogoro, mpwa mbele, mjomba nyuma. Usiku Kibwana alikula baada ya Hidaya kuonja.

Ijumaa aliingia kwa Bwana Shauri, akaonyeshwa barabara kwenye ramani na kipande chake, akaambiwa aende zake. Alipotoka, Mikidadi alikuwa akimngoja uani.

"Yote yamekuwa kama ulivyoandika," alisema mzee.

"Ndiyo, mjomba."

"Na ile ya kwanza, ulikuwa na haraka gani?"

"Sikuwa na haraka. Nilitaka iwe safi."

Kibwana alihamishia fimbo mkono wa pili. "Nimemwambia mama yako kiti kitakwenda kwa mdogo wako, Maneno. Nilimwambia juzi, kule mlimani, kabla sijashuka. Sikutaka kuamua nikiwa nimefurahi kwamba sikufungwa."

"Sawa, mjomba."

"Huulizi kwa nini?"

Mikidadi alitikisa kichwa; jibu lilikuwa kwenye barua ile ya kwanza.

"Nikusindikize hata darajani?" aliuliza.

"Baki na kazi yako."

Mzee alishika njia ya Mkuyuni. Penye kona alisimama, akageuka, akaegemea fimbo yake, akangoja mpaka Mikidadi alipoingia bomani. Ndipo alipompa mgongo, akaendelea.